Barua Iliyofika kwa Mtumbwi

Ifakara,
Jumapili, alasiri.

Mwanangu Editha,

Niwie radhi kwa ukimya wangu wa siku kumi na tisa. Najua si kawaida mtu kumwomba radhi ya ukimya mwenzake anayelala chumba cha pili na kula naye meza moja, lakini ukimya ni ukimya, hata ukiwa wa nyumba moja. Tangu siku ile uliposimama barazani na barua ya kupangiwa kazi Mafia, maneno niliyokuambia karibu yote ni "vizuri" siku hiyohiyo, "marahaba" kila asubuhi, na "wali umeiva" siku uliponiuliza kama kuna kosa umefanya. Hukufanya kosa lolote. Wali nao, nikumbukavyo, haukuwa umeiva.

Sasa umekwenda Lupiro kumuaga shangazi yako, na kwa foleni ya kivuko najua hutarudi kabla ya magharibi. Mama yako yuko uani anatwanga. Nina nafasi ya kuandika, na naandika kwa sababu nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Mara ya kwanza nilifika mlangoni pako nikakuuliza kama umepakia sabuni. Mara ya pili nikauliza tena habari za sabuni. Mara ya tatu ulinitangulia, ukasema, "Baba, nimeweka vipande vinne," nikarudi nilikotoka.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya wanaume, mama yako amekwisha kukueleza, na naamini hakubakiza kitu. Pia amekufungia nusu gunia la kambale wakavu uwapeleke kisiwani, kwa watu waliozungukwa na samaki pande zote. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba samaki wa huko hawajulikani. Mimi siongezi neno hapo. Nina jambo moja tu, nalo ni hili: siku ya pili baada ya barua yako kufika, niliandika yangu kwenda mkoani, bila wewe kujua, kuomba uondolewe Mafia na upangiwe kazi hapahapa bondeni. Barua hiyo iko huko hadi leo, na uamuzi haujatoka.

Najua umesimama. Kaa. Usiikunje karatasi hii bado. Kabla sijakueleza nilivyofanya na ninavyotaka kufanya, nataka usome habari za Idete, ambazo nimekuficha tangu hujazaliwa. Hapa nyumbani nimekuwa nikisimulia kwamba shamba langu la kwanza liliharibiwa na mafuriko yasiyo ya kawaida. Yalikuwa ya kawaida kabisa.

Nilifika Idete nikiwa na umri kama wako, bwana shamba mpya kutoka chuoni, na suruali fupi ya kaki iliyopigwa pasi, kamba ya kupimia, vigingi hamsini vya mti, na bango lililoandikwa SHAMBA LA MFANO. Kazi yangu ilikuwa kuchagua ekari mbili na kuwaonyesha wakulima jinsi ya kupanda mpunga kwa mistari. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, nchi imekauka. Nikaona mahali tambarare karibu na mto, udongo mweusi unaoshikana mkononi kama unga uliokandwa, na hakuna kisiki hata kimoja. Nilijiuliza kwa nini watu wameacha ardhi nzuri namna ile bila kuilima. Nilijiuliza mimi, wao sikuwauliza. Nikaamua kwamba ni wavivu.

Wazee walikuja kunisalimu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kasiani, ambaye wewe unamkumbuka: yule mwembamba mwenye kikohozi cha tumbaku, aliyekuwa akituletea mpunga mpya kila mavuno ulipokuwa mdogo.

"Mzee, mahali hapa mpunga utakua?" nikamwuliza.

"Utakua, bwana shamba."

"Utakua vizuri?"

"Vizuri sana. Utakua mpaka ushangae."

Na wenzake wote wakaitikia ndiyo, ndiyo, utakua, kwa haraka kama watu wanaofukuza kuku penye mpunga ulioanikwa.

Sikujua wakati ule desturi yao. Mgeni wa serikali hapingwi mbele ya watu, kwa kuwa ni kama kumvua nguo. Anayetaka kumpinga humwandikia. Nao waliniandikia. Wiki ya pili barua ilifika ofisini kwangu, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Niliitazama juu, nikaitazama chini. Juu haikuwa na kumbukumbu namba. Chini haikuwa na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, wala wa Katibu Kata, wala wa Katibu Tarafa. Katikati ya juu na chini palikuwa na maneno, lakini sikuyafikia. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Irudishwe. Ipitie panapohusika," nikampa yuleyule aliyeileta, na siku hiyo nilikula chakula cha mchana kama mtu aliyeokoa taifa.

Wewe ni mtoto wa bonde hili. Unajua mvua za kwanza zikianguka hutokea nini. Watu hufunga nyumba zao na kuhamia mashambani, wakakaa juu ya madungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na hawarudi mpaka wavune. Viongozi nao ni wakulima. Mwenyekiti alikuwa kwenye dungu lake. Katibu Kata alikuwa kwenye la kwake, mwendo wa nusu siku kutoka hapo, na mhuri ameufunga katika kitambaa pamoja na chumvi. Katibu Tarafa alikuwa amevuka mto, na alipofuatwa huko ikaonekana amerudi upande huu kwa njia nyingine. Barua ile ikazunguka bonde zima, dungu hadi dungu, ikitafuta mihuri niliyoidai, na mimi wakati huo napanda mpunga kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari.

Mpunga ulikua. Mzee Kasiani hakunidanganya. Ulinifika magotini, ukanifika kiunoni, nikaanza kuandika taarifa ya mafanikio. Kisha mwezi wa tatu mto ukaja. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja taratibu, kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari akamkuta mgeni kitandani mwake.

Nilikwenda kuliokoa lile bango, maana lilikuwa mali ya serikali na nilikuwa nimelitilia sahihi. Maji yakaniwahi. Nikapanda juu ya dungu langu na kukaa pale siku mbili, mimi na bango, tukitazamana. Siku ya pili mchana nilimwona Mzee Kasiani anakuja kwa mtumbwi, anapiga kasia bila haraka. Aliusimamisha mtumbwi chini yangu, akavua kofia.

"Hujambo, bwana shamba?"

"Shikamoo, mzee."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwamkia. Kabla ya hapo nilikuwa nikimngoja yeye anisalimu, kwa kuwa mimi ndiye serikali.

"Marahaba. Nimekuletea barua yako. Imepitia kote."

"Barua gani? Mzee, nishushe kwanza."

"Isome kwanza. Isije ikasemwa haikufika."

Nikaisoma nimechuchumaa, suruali imelowa mpaka kiunoni. Ilikuwa na mihuri mitatu, na kila aliyeipitisha alikuwa ameandika, "Naipitisha. Ni kweli." Maneno yenyewe, yale ya katikati, yalikuwa mistari miwili: "Mahali ulipochagua ni njia ya mto, na mto hupita hapo kila mwaka. Tunakuomba uhamie juu penye mkuyu, nasi tutakusaidia kubeba vigingi vyako."

Tulipokuwa mtumbwini nilimwuliza kwa nini hawakuniambia kwa mdomo.

"Uliuliza kama mpunga utakua," akasema. "Hukuuliza kama mto unapita."

"Nawe ukaniambia utakua mpaka nishangae."

"Hujashangaa?"

Akakohoa, au akacheka. Kwa mzee yule vyote viwili vilikuwa na sauti moja. Ndiyo sababu kila alipoingia hapa kwetu na kapu lake la mpunga aliniuliza, "Umeshangaa, bwana shamba?" nami nikimjibu, "Nimeshangaa, mzee," na wewe ukacheka bila kujua unacheka nini. Sasa umejua. Mwaka uliofuata nilipanda penye mkuyu, na vigingi alivibeba yeye, kama ilivyoandikwa. Lakini kabla ya hapo mkubwa wangu alikuja kukagua, na Mzee Kasiani ndiye aliyempeleka. Walipofika katikati ya maji aliacha kupiga kasia, akaonyesha chini kwa kidole. "Shamba la mfano ni hili, mkubwa," akasema. "Limekwisha kufundisha."

Ungedhani na mimi lilinifundisha. Lilinifundisha kuuliza habari za mto, basi.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa upande wa maliasili, Kisawasawa, chini ya milima. Tuliagizwa kusimika mabango kumi na mawili kando ya msitu, ya kukataza kukata miti. Mbao hazikuwapo. Nikaingia msituni, nikachagua mvule mmoja ulionyooka, nikaandika kibali, nikakitia sahihi mwenyewe, ukakatwa. Tukapata mabango mazuri ambayo mchwa hawayagusi. Tulipokuwa tukilisimika la mwisho, alipita mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama, akalisoma taratibu, akalipapasa kwa kiganja.

"Baba, hili si mvule?"

"Ndiyo, mama, ni mvule," nikamjibu kwa fahari.

"Kumbe. Basi nimeelewa kwa nini hamtaki tuikate."

Akaenda zake, na mzigo haukutikisika. Bango lile limesimama hadi leo. Mimi ndiye niliyeacha kupita njia ile.

Nakueleza haya kwa sababu unakwenda kufanya kazi ileile katika nchi nisiyoijua. Siwezi kukufundisha mnazi, wala mikoko, wala pweza. Nimeambiwa kwamba huko maji hupanda na kushuka mara mbili kila siku, jambo ambalo mimi naliona ni fujo. Mto wetu huja mara moja kwa mwaka na mtu akajipanga. Lakini nina hakika Mzee Kasiani yuko hata huko. Pengine ni mwanamke anayeshuka mwambani na kijiti chake kutafuta pweza, na wewe utafika na kamba yako ya kupimia, naye atakuambia kwamba ulivyosema ni vizuri sana. Ukiisikia ndiyo inayokuja kwa haraka, usiandike kitu. Omba maji ya kunywa, ukae. Usiinuke mpaka mtu mmoja amekuambia jambo usilolipenda. Mimi nilikuwa na haraka ya kuondoka kila mahali, na sasa sikumbuki nilikuwa nawahi wapi.

Kosa jingine ni juu yako wewe. Ulipokuwa mwaka wa kwanza chuoni uliniandikia barua ya kurasa mbili. Ulisema una homa siku ya nne, chakula hakipiti, na unaota kisima cha kwetu. Nami, niliyefundishwa na mwalimu aliyetuchapa kwa ajili ya nukta, nikachukua kalamu nyekundu. Nilisahihisha mahali kumi na nne, nikaweka alama chini, nikakurudishia kwa posta na maneno haya: "Umeendelea. Zingatia aya." Habari ya homa sikuigusa, kwa kuwa haikuwa na kosa.

Tangu siku hiyo barua zako zilikuja kwa jina la mama yako. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja, "Msalimie baba," nami nikamwambia mama yako akujibu kwamba nimesalimika. Miaka miwili tulisalimiana hivyo, kama ofisi mbili. Hata uliporudi nyumbani utaratibu haukubadilika. Unakumbuka juzijuzi nilimwambia mama yako, "Mwambie binti yako banda la kuku halijafungwa," na wewe umeketi kati yetu umeshika bakuli la mboga. Mama yako akasema, "Editha, ofisi ya baba yako inasema banda la kuku halijafungwa." Ulicheka. Mimi nilijifanya nina mwiba wa samaki kooni, na siku hiyo tulikuwa tunakula maharage.

Sasa nifike kwenye barua yangu.

Siku ilipokuja yako, uliisoma umesimama, ukageuka ukaniambia, "Baba, nitaona bahari." Katika siku hizi ambapo watumishi wanapunguzwa na watoto wa wenzangu wanarudi nyumbani na masanduku yao, baba mwingine angechinja kuku. Mimi nilisema "vizuri," nikaenda kunoa panga ambalo mama yako alikuwa amelinoa asubuhi. Niliogopa, Editha. Sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nikaiona na meza hii ukishaondoka, watu wawili, na mmoja wao ni mimi. Mtu mwingine akiogopa husema. Mimi nikiogopa huandika barua rasmi.

Nilitoa sababu tatu. Ya kwanza, kwamba afya yako haipatani na upepo wa chumvi, ambao hujawahi kuuonja. Ya pili, kwamba bonde linakuhitaji, na katika bonde lote sikumwuliza mtu hata mmoja. Ya tatu, kwamba mama yako mzazi ni mgonjwa wa muda mrefu na wewe ndiye unayemwuguza. Sikuipeleka masijala, ambako kila barua huandikishwa kabla ya kutoka. Niliitia mkononi mwa dereva aliyekuwa anakwenda Morogoro, mimi huyuhuyu niliyewarudishia watu wa Idete barua yao.

Siku ya nne mama yako aliikuta nakala chini ya kitambaa cha meza. Alikuja nayo uani, nilipokuwa nikitengeneza kiti ambacho hakikuwa kimevunjika.

"Baba Editha, mimi ni mgonjwa wa nini?"

"Si ugonjwa wa kweli, mama. Ni wa kiofisi."

"Wa muda mrefu?"

"Ndivyo huandikwa."

"Haya. Basi acha niugue."

Akaiweka ndoo katikati ya mlango, akaenda kulala, saa tatu asubuhi. Ndiyo maana wiki ile uliniona nachota maji. Wanawake kisimani walinipisha mbele ya foleni kwa heshima iliyozidi, kisha wakanyamaza mpaka nilipopiga kona, kisha nikasikia kicheko. Ndiyo maana uliniona nachambua mchele, ukamwuliza mama yako kama nimeweka nadhiri. Alikujibu kutoka kitandani kwamba ni mazoezi ya kustaafu. Alipona siku ya tano, baada ya mimi kuunguza sufuria ya pili, lakini aliniwekea masharti mawili: niiondoe barua ile, na nikuambie mwenyewe. Nilimwomba akuambie yeye kwanza, anifungulie njia kidogo.

"Sipeleki," akasema. "Nimechoka kuwa posta yenu."

Basi Ijumaa nilivaa koti nikaenda masijala. Aliyeko pale ni Mama Zuhura, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi alipoanza, nami nilimfundisha kwa ukali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Zuhura. Nimekuja kwa habari ya barua yangu iliyokwenda mkoani."

"Jibu lake limekuja juzi. Wameipokea, wameipa namba, inashughulikiwa. Uamuzi utatolewa."

"Waandikie wanirudishie."

"Mzee Longino, barua ikishapewa namba haitoki kwenye jalada. Nani alinifundisha hivyo?"

Nikatazama kalenda ukutani.

"Hata ikiwa ya aibu, ulisema. Tena hasa ikiwa ya aibu."

"Njia ipo au haipo?"

"Ipo. Uandike nyingine ya kuiondoa hiyo ya kwanza. Nayo ipitie kwa mhusika."

"Mhusika ni nani?"

Aliweka kalamu chini. "Binti yako, mzee. Au ulimwombea uhamisho bila yeye kujua?"

Kalenda ilikuwa bado ya mwezi uliopita. Nikamwambia aibadilishe. Aliinuka akaibadilisha, akarudi kuketi, akaningoja.

"Bila yeye kujua," nikasema.

"Haya," akasema, na sauti yake ikapungua ukali. "Kwa sasa barua yake ya kupangiwa kazi ndiyo yenye nguvu, aende akaripoti. Ila wakikubali ombi lako kabla hii ya pili haijafika, watamwita arudi kabla hajafungua sanduku. Kwa hiyo usikae nayo, mzee. Wewe barua zako huwa unazipenda ukakaa nazo."

Sikukaa nayo. Iko ndani ya bahasha hii, karatasi ya pili. Ina mistari miwili, kipimo nilichojifunza Idete: "Naomba kuiondoa barua yangu ya kwanza. Sababu nilizozitoa si za kweli, na mhusika hakuulizwa." Chini yake nimeandika "Kupitia kwa," nikaandika jina lako, nikaacha nafasi ya sahihi. Nafasi ni kubwa kuliko inavyotakiwa. Nilitaka usibanwe.

Na sasa nakuuliza lile ambalo ningeliuliza barazani siku kumi na tisa zilizopita, kabla sijakimbilia panga. Unataka kwenda? Ukitaka, tia sahihi unipe kesho stesheni, kabla treni haijaondoka. Nimekwisha kuazima baiskeli ya jirani. Kutoka hapo nitakwenda kwa Zuhura bila kusimama, na nitasimama mbele ya meza yake mpaka niione imeandikishwa. Kama hutaki kwenda, usitie sahihi. Sitauliza kwa nini, na sitafurahi mbele yako. Kama unataka lakini umenikasirikia, tia sahihi na unikasirikie. Hiyo haina fomu.

Ukiona kosa katika barua hii, liwekee alama. Kalamu yangu nyekundu nimeitia katika sanduku lako, chini ya ile sabuni. Usiirudishe. Ukiniandikia kwamba una homa, nitasoma kwamba una homa.

Mama yako amemaliza kutwanga. Amepita dirishani, ameniona na karatasi, na hakuuliza ya nani. Bado kidogo utaingia na vumbi la Lupiro miguuni, utaniamkia, nami nitaitikia marahaba, na nitakupa bahasha hii mkononi, wala sitauliza habari za sabuni. Mzee Kasiani angekuwapo angekutazama, kisha angenigeukia na swali lake lile. Ningemjibu kwamba safari hii nimeshangaa kweli. Umekua, na mimi nilikuwa nahesabu mistari.

Uamuzi ukitoka nitakuandikia siku hiyohiyo, uwe mzuri au mbaya, kwa jina lako, huko Mafia, bila kupitia kwa mtu yeyote.

Baba yako,
Longino